Kasisi, Zaka na Matangazo ya Ndoa: Jinsi ya Kuzisoma Riwaya za Kijiji za Enzi ya Malkia Victoria

Katika riwaya ya Thomas Hardy, Far from the Madding Crowd (1874), msichana wa kazi aitwaye Fanny Robin anatoka asubuhi kwenda kufunga ndoa na askari wake, Sajini Troy. Mji una makanisa mawili, All Saints' na All Souls', naye anaingia lile lisilo lake. Kwenye kanisa la pili Troy anasimama mbele ya altare. Saa inagonga tano na nusu, inagonga tena robo kabla ya saa sita, kisha inagonga sita kamili, na wanawake waliokaa kwenye mabenchi wanaanza kucheka chinichini. Wawili hao wanapokutana nje, Fanny anaomba iwe kesho. Troy anakataa. Baada ya miezi kadhaa Fanny anafia katika nyumba ya maskini, na mtoto wake mchanga pamoja naye.

Msomaji wa leo hujiuliza kwa nini hawakurudi kanisani wakafunga ndoa saa saba. Jibu ni sheria. Mpaka mwaka 1886, ndoa nchini Uingereza ilipaswa kufungwa kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, ndipo ikasogezwa mbele hadi saa tisa alasiri. Saa ilipogonga sita, siku ile ilikuwa imekwisha kwao, hata kama Troy angekuwa mtu mpole kuliko wote. Hardy haelezi jambo hili kwa sababu kila aliyemsoma wakati ule alilijua.

Hapo ndipo ugumu wa riwaya hizi ulipo. Watu wengi huzichukua kama mahubiri marefu: mwema hulipwa, mwovu huadhibiwa, familia hukaa mezani na kusali. Wanaosoma hivyo huchoka haraka. Imani katika vitabu hivi inaishi ndani ya chombo chenye mipaka, mapato, daftari na adhabu, nacho ni parokia. Wema wa mtu hupimwa pale familia yake inapogongana na chombo hicho: kwenye ndoa, ubatizo, maziko na chakula cha maskini. Ukijua parokia ilivyofanya kazi, nusu ya mafumbo hufunguka yenyewe.

Tuanze na fedha, kwa sababu waandishi wenyewe huanzia hapo. Kasisi wa Kianglikana hakulipwa mshahara na ofisi kuu. Alipewa nafasi ya parokia pamoja na mapato yake, na haki ya kumteua ilikuwa mali ya mtu: mwenye ardhi, chuo, askofu au Mfalme. Haki hiyo iliweza kuuzwa na kununuliwa. Juu kabisa alikuwa rekta, aliyepokea zaka zote, yaani fungu la kumi la mazao. Chini yake vika, ambaye kwa kawaida alipata zaka ndogo tu, kama za mifugo na bustani, huku zaka kubwa za nafaka, nyasi kavu na kuni zikienda kwa mwingine. Wa mwisho ni kasisi msaidizi aliyelipwa posho. Sheria ya 1836 iliondoa zaka ya vitu na kuweka malipo ya fedha, yaliyokokotolewa kwa wastani wa bei za ngano, shayiri na shayiri ya farasi kwa miaka 7. Ndiyo maana bei ya nafaka iliposhuka miaka ya mwisho ya karne, makasisi wa vijijini walishuka nayo.

Anthony Trollope anavijua viwango hivi kama karani wa hesabu. Katika Framley Parsonage (1861), kijana Mark Robarts anapata nafasi ya pauni 900 kwa mwaka kwa sababu alisoma pamoja na mtoto wa Bibi Lufton, mwenye haki ya kuteua. Jirani yake Josiah Crawley wa Hogglestock, msomi kuliko wote, ana pauni 130, mke mgonjwa na watoto. Kwa kulinganisha, kibarua wa shamba aliyelipwa shilingi 7 kwa wiki, ujira uliojulikana sana Dorset miaka ya 1830, alipata kama pauni 18 kwa mwaka. Kwa hiyo Crawley si fukara machoni pa kibarua, lakini anatakiwa aishi kama bwana, avae kama bwana, asomeshe kama bwana. Katika The Last Chronicle of Barset (1867) anashtakiwa kwa wizi wa hundi ya pauni 20, naye hawezi kukumbuka ilifikaje mkononi mwake. Trollope anaonyesha fadhila ikigeuka kuwa hatari: unyofu wa Crawley umechanganyika na kiburi kiasi kwamba hapokei msaada, na asiyepokea msaada kijijini hana wa kumtetea. Naiona kuwa picha ya kweli kuliko zote za mtumishi wa Mungu katika fasihi ya Kiingereza ya karne ile.

Sasa tazama mwaka wa hadithi, si mwaka wa kitabu peke yake. Hili hukosewa sana. Adam Bede ya George Eliot ilichapishwa 1859, lakini inaanza tarehe 18 Juni 1799. Silas Marner ni ya 1861, ilhali matukio yake ni ya mwanzoni mwa karne. Mwandishi wa enzi ya Victoria alikuwa akitazama nyuma, mara nyingi kwenye kijiji cha babu yake, wakati sensa ya 1851 imeonyesha kwa mara ya kwanza kuwa zaidi ya nusu ya watu wa Uingereza na Wales wanaishi mijini. Kijiji katika riwaya hizi ni kijiji kinachokumbukwa, na walioazima vitabu hivi walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa mjini.

Mfano ni Mchungaji Irwine wa Adam Bede. Ana parokia tatu kwa wakati mmoja, anamtunza mama yake na dada wawili wasioolewa, anapenda mbwa wake na vitabu vya Kigiriki. Kufikia 1859, baada ya sheria ya 1838 kubana ulimbikizaji wa parokia, mtu kama huyo alikuwa mfano wa kila kilichooza kanisani. Eliot anamtetea: hana mahubiri makali, lakini hasemi vibaya juu ya mtu na watu wake wanamwamini. Kisha anatuonyesha gharama. Kijana Arthur Donnithorne, mrithi wa ardhi yote, anakuja kifungua kinywa akitaka kuungama kwamba amevutwa na Hetty Sorrel, msichana wa shamba la kupanga. Irwine anahisi kuna neno, lakini adabu inamzuia kuuliza. Kijana anaondoka hajasema. Msiba wote wa kitabu unapitia kwenye ukimya huo wa mezani. Eliot, ambaye alikuwa ameacha imani ya Kikristo alipokuwa kijana, anaijua kazi ya ungamo kuliko waandishi wengi waumini.

Upande wa pili ni kanisa dhidi ya chapeli. Kanisa ni Anglikana, lenye mnara na makaburi. Chapeli ni ya Wamethodisti, Wabaptisti na wenzao, mara nyingi kwenye chumba cha kawaida, ikiongozwa na fundi au mfumaji. Sensa ya ibada ya Jumapili tarehe 30 Machi 1851 iliwashtua wengi. Kati ya watu karibu milioni 18, waliokadiriwa kuhudhuria ibada walikuwa kama milioni 7.26, na karibu nusu ya mahudhurio yote hayakuwa ya Kianglikana. Hata hivyo, mpaka 1868 asiye Mwanglikana aliweza kutozwa kodi ya kukarabati kanisa la parokia asilosali. Mhusika wa chapeli akinung'unika katika riwaya, mara nyingi ana hesabu kichwani pia, si mafundisho peke yake.

Dinah Morris, mhubiri wa Kimethodisti katika Adam Bede, anafanya kazi kiwandani Snowfield na kuhubiri uwanjani jioni. Chanzo chake kinajulikana: shangazi wa mwandishi, Elizabeth Evans, alikuwa mhubiri, na aliwahi kukaa gerezani na msichana aliyehukumiwa kifo kwa kumuua mtoto wake. Mwaka 1803 Mkutano wa Wamethodisti wa Wesley uliwazuia wanawake kuhubiri. Mwishoni mwa riwaya tunaambiwa Dinah amenyamaza kwa kutii. Wasomaji wengi hulalamika kwamba ndoa yake na Adam imemzima. Malalamiko hayo yana haki, lakini yaelekezwe pia kwa Mkutano: Eliot ametumia tarehe ya kweli, naye anamwacha Seth Bede, shemeji yake, aseme wazi kwamba yeye angejitoa katika jamii iliyozuia hivyo.

Silas Marner ndicho kitabu cha kuanzia kwa anayetaka kuona tofauti hii kwa ufupi. Silas, mfumaji, ni mshiriki wa kundi dogo la mjini liitwalo Lantern Yard. Anasingiziwa wizi, kundi linapiga kura kumwomba Mungu aamue, kura inamwangukia. Anakimbilia Raveloe, na kwa miaka 15 anafuma na kuhesabu dhahabu yake, hana kanisa wala jirani. Dhahabu inaibwa. Kisha mtoto wa kike anatambaa ndani ya nyumba yake usiku wa mwaka mpya, mama yake amekufa nje kwenye theluji.

Imani inayomrudisha ni ya Dolly Winthrop, mke wa fundi wa magurudumu. Dolly anamletea mikate midogo iliyopigwa chapa herufi I.H.S., kifupi cha jina la Yesu. Hajui kuzisoma. Ameziona kwenye kitambaa cha mimbari, anaamini zina maana njema, basi. Anamwambia Silas ampeleke mtoto akabatizwe na kuchanjwa, mambo mawili kwa pumzi moja. Hiyo si dhihaka ya mwandishi. Kwa Dolly, ubatizo na chanjo ni vitu ambavyo mtoto anayependwa hufanyiwa na kijiji kinachomtambua. Lantern Yard ilikuwa na mafundisho mengi na ikamtupa mtu wake kwa kura. Raveloe haina mafundisho inayoweza kuyaeleza, ila ina mikate, sindano na jirani wa kumwonyesha mgeni namna ya kulea.

Msomaji Mwanglikana wa Masasi, Magila au Unguja ana njia fupi ya kuingia humu. Edward Steere, aliyefika Zanzibar 1864 na kuwa askofu 1874, alitoka katika parokia ya kijijini ya Little Steeping, Lincolnshire. Ibada alizozitia katika Kiswahili ndizo zile zinazosikika katika riwaya hizi, na desturi ya kutangaza ndoa Jumapili tatu mfululizo ili mwenye kizuizi aseme ni ileile iliyowekewa nguvu ya sheria Uingereza mwaka 1753. Anayeifahamu hana haja ya kuelezwa kwa nini mhusika wa Hardy anaona haya jina lake kusomwa mbele ya kijiji.

Familia nayo ielezwe kwa makini. Nyumba ya mkulima mpangaji haikuwa baba, mama na watoto peke yao. Walikuwamo wapwa, watumishi wa shamba walioajiriwa kwa mwaka mzima na kulala humohumo, na wasichana wa maziwa. Bibi Poyser wa Adam Bede anatawala jeshi hilo, na uadilifu wake unaonekana katika chumba cha maziwa kinachong'aa, jibini lisiloharibika, na kodi inayolipwa kwa wakati. Usafi huo una sababu ya kiuchumi: familia inapanga kwa ridhaa ya mwenye ardhi na inaweza kuambiwa iondoke. Jina jema la nyumba ndilo dhamana yake. Kwa hiyo Hetty, mpwa wa mume, anapokamatwa kwa kumwacha mtoto wake mchanga msituni afe, Martin Poyser, mtu mwema kabisa, anasema atalipa fedha zozote za kumtetea lakini hatakwenda kumwona. Msomaji humwona katili. Kwa hakika anafanya hesabu ya wote waliobaki chini ya dari lake. Anayekwenda gerezani ni Dinah, ambaye hana dari la kulinda, na hapo Eliot anauliza swali lake gumu: je, wema wa familia na wema wa Injili ni kitu kimoja?

Sheria ilikuwa kali kuliko Poyser. Chini ya sheria ya 1624, mama asiyeolewa aliyeficha kifo cha mtoto wake alihesabiwa muuaji mpaka athibitishe mtoto alizaliwa amekufa. Ilifutwa 1803, baada tu ya wakati wa hadithi. Kabla ya 1834 viongozi wa parokia waliweza kumbana baba atoe fedha, na pia waliwafukuza wajawazito maskini ili mtoto asizaliwe ndani ya mipaka yao na kuwa mzigo wao. Sheria ya Maskini ya 1834 ikamtwisha mama mzigo karibu wote, mpaka 1844 aliporuhusiwa kumshtaki baba mwenyewe. Nyumba ya maskini anayofia Fanny Robin ni ya mfumo huo mpya. Jeneza lake linaporudishwa, limeandikwa kwa chaki "Fanny Robin na mtoto". Gabriel Oak, mchungaji wa kondoo, anafuta maneno ya mwisho kwa leso yake. Ni uongo wa kuficha, na Hardy anauhesabu kuwa tendo la uadilifu.

Katika Silas Marner kesi ni nyingine, na hapa wasomaji hupotea. Mtoto Eppie si wa nje ya ndoa. Baba yake, Godfrey Cass, mwana wa mwenye ardhi, alimwoa mama yake kwa siri. Wakati ule talaka ya kumwezesha kuoa tena ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, jambo la matajiri wakubwa tu, na mahakama ya talaka ilianza 1858. Kifo cha mama kwenye theluji kinamfungua Godfrey, naye ananyamaza amwoe Nancy, msichana anayempenda. Silas anabaki na mtoto kwa sababu hakuna aliyemdai na parokia haikuwa na sababu ya kugombania tumbo jingine la kulisha. Uingereza haikuwa na sheria ya kuasili watoto mpaka 1926. Basi Godfrey anaporudi miaka 16 baadaye kusema mtoto ni wake, sheria iko upande wa baba wa ndoa, na Silas hana karatasi. Anachofanya Eliot ni kumpa binti aamue. Eppie anakataa utajiri na kubaki na aliyemlea. Tukio hilo husomwa kama utamu, kumbe ni pingamizi.

Maziko yanakuja mwisho na yanauma zaidi. Kitabu cha Sala kilikataza ibada ya maziko kwa asiyebatizwa, aliyetengwa na kanisa na aliyejiua. Katika Tess of the d'Urbervilles (1891), Tess anambatiza mtoto wake anayekufa kwa mikono yake mwenyewe, usiku, wadogo zake wakiwa wamepiga magoti. Kanisa lilikubali ubatizo wa dharura, na kasisi anapoulizwa anakiri utakuwa sawa mbele za Mungu. Kumzika anakwepa. Mtoto anazikwa kwa mwanga wa taa kwenye kona ya walevi sugu na waliojiua, mchimba kaburi akilipwa shilingi moja na bia. Sheria ya 1880 ilikwisha kuruhusu maziko uwanjani bila ibada ya Kianglikana, lakini haikumlazimisha kasisi kusoma ibada yake. Hardy anaacha pengo hilo lionekane.

Mwishoni Tess anamwomba mumewe Angel amwoe mdogo wake 'Liza-Lu baada yake, akisema watu wa Marlott hufanya hivyo kila mara. Tangu 1835 ndoa na dada wa mke aliyekufa ilikuwa batili, na ilibaki hivyo mpaka 1907. Anayesoma mwisho huo kama faraja hajaambiwa hili.

Limebaki jambo moja la kiwanda cha vitabu, kwa sababu bila hilo mtu atadhani waandishi waliona haya wenyewe. Riwaya mpya ya juzuu tatu iliuzwa shilingi 31 na peni 6, bei isiyolipwa na watu wa kawaida. Waliiazima kwenye maktaba za kulipia. Kubwa kati ya hizo ilikuwa ya Mudie, iliyoanza 1842, ambapo shilingi 21 zilimpa mwanachama mwaka mzima. Mudie alipokataa kitabu kwa kuwa hakifai kusomwa mbele ya mabinti, kitabu kilikuwa kimekufa kibiashara. Majarida yalikuwa makali vilevile. Tess ilikataliwa na wahariri kadhaa kabla ya The Graphic kuichapisha kwa mfululizo 1891, na Hardy akalazimika kuikata: kubakwa au kurubuniwa kwa Tess usiku msituni kukageuzwa ndoa ya uongo, ubatizo ukatolewa akauchapisha peke yake katika jarida jingine, na Angel, badala ya kuwabeba wasichana wa maziwa mikononi kuvuka maji, akawavusha kwa toroli. Kwenye kitabu alirudisha vitu vingi, akaendelea kurekebisha toleo baada ya toleo. Kwa hiyo unaponunua nakala, fungua kurasa za mwanzo uone inafuata maandishi yapi. Nyingi hufuata toleo la Wessex la 1912, nyingine zile za 1891, na maneno ya usiku ule wa msituni hayafanani katika zote.